Simbilisi wetu anachechemea na analia akishikwa: tumlishe nini?

Swali: Daktari, shikamoo. Mwanangu wa darasa la nne aliletewa simbilisi (ginipigi) wawili na shangazi yake Desemba, ndugu wa kike, akawaita Njugu na Mandazi. Tunaishi gorofa ya tatu hapa Donholm. Huwa tunawapa peleti za sungura kutoka agroveti, karoti, na jioni ugali uliobaki au mkate. Sasa ni wiki mbili Mandazi anachechemea, akishikwa analia, na manyoya yake yamesimama. Njugu yuko sawa. Kuna aliyenishauri ninunue chakula maalumu cha kutoka ng'ambo, lakini bei yake siiwezi. Je, Mandazi ameumia mguu? Na hawa wanyama hasa wanafaa kula nini? — Mama Tumaini

Jibu:

Marahaba, Mama Tumaini. Nianze na Mandazi, maana mengine yote yanaweza kungoja hadi kesho, yeye hawezi.

Sidhani ameteguka. Mnyama anayekaa ndani ya kizimba, hana pa kurukia wala pa kuangukia, halafu analia akiguswa na manyoya yamemsimama, na chakula chake ni peleti za sungura na ugali: huyo kwanza namshuku kiseyeye. Ni ugonjwa ule ule uliowamaliza mabaharia enzi za safari ndefu za matanga. Vitamini C ikipungua mwilini, mishipa midogo ya damu hudhoofika na kuanza kuvuja, damu huingia kwenye viungo, na kila hatua inakuwa maumivu. Mpakate, umpapase magoti ya nyuma polepole, kisha umpapase Njugu vivyo hivyo. Ukihisi ya Mandazi yamevimba au anavuta mguu kwa nguvu, shaka langu linakaribia kuwa jibu.

Kosa la kudhani ni mguu nalijua kwa sababu nililifanya mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza kazini nililetewa simbilisi mweupe aliyekuwa akiburuta miguu ya nyuma. Nilipapasa mifupa, sikuona iliyovunjika, nikampa dawa ya maumivu na kumwambia mwenyewe ampumzishe. Sikuuliza anakula nini. Siku ya sita alirudishwa ndani ya boksi la viatu, amekwisha kufa, na yule kijana aliyemleta akaniambia, bila hasira hata kidogo, kwamba alikuwa akimpa wali na peleti za sungura tu. Tangu hapo mtu akiniwekea simbilisi mezani, kabla sijamgusa namuuliza jana amekula nini.

Kwa hiyo leo, kabla ya jioni, mtafute daktari wa mifugo anayetibu wanyama wadogo. Huku ukijipanga, pita duka la dawa ununue vitamini C ya tembe, iliyo vitamini C peke yake. Usinunue multivitamini, kwa kuwa vitamini A na D zikizidi nazo zinadhuru. Simbilisi mzima anahitaji kama miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mgonjwa huongezewa, mara nyingi hadi 50 au hata 100, na kiasi hicho akupangie daktari baada ya kumwona. Kwa kuanzia leo, ukipata tembe ya miligramu 100, ikate katikati, saga nusu, koroga na maji kijiko kidogo, vuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, umwingizie pembeni mwa mdomo, nyuma ya yale meno ya mbele, tone kwa tone. Usimsukumie yote mara moja, atapaliwa. Wala usiitie kwenye maji ya kunywa: vitamini C ndani ya maji inaharibika upesi, tena ladha ikibadilika anaacha kunywa, ukawa umeongeza shida juu ya shida.

Jambo jingine, nalisema kwa sababu nawajua watu wa Nairobi na mimi ni mmoja wao. Ukimwona mnyama hoi utashawishika kumpa ile amoksilini iliyobaki mtoto alipougua kikohozi. Usithubutu. Amoksilini, ampisilini na jamaa zao wa penisilini huua vijidudu vyema vilivyo tumboni mwa simbilisi, vile vibaya vikatawala, na mnyama aliyekuwa akichechemea tu anaharisha na kufa ndani ya siku chache. Na akikaa nusu siku bila kutia kitu mdomoni, hiyo ni dharura hata kama anaonekana ametulia. Tumbo lake limeumbwa lisisimame.

Sasa tuje kwa nini haya yamewapata.

Watu wengi wanamchukulia simbilisi kuwa ni sungura mfupi asiye na masikio. Agroveti akikuuzia peleti za sungura hakukudanganya, naye ndivyo anavyoamini. Lakini sungura ini lake linajitengenezea vitamini C. Simbilisi hawezi, amekosa kimeng'enya kimoja cha mwisho katika kazi hiyo, kama tulivyokikosa mimi na wewe. Kwa hiyo mtengenezaji wa peleti za sungura hana sababu ya kutia vitamini C ndani yake, na simbilisi anayezitegemea anakula, anashiba, hata ananenepa, huku akiugua polepole. Dalili huweza kuanza baada ya wiki mbili tatu tu. Njugu na Mandazi wamevuta muda mrefu zaidi pengine kwa sababu ya karoti, ambayo ina vitamini C kidogo sana lakini ni afadhali kuliko sufuri. Na kwamba Njugu yuko sawa kusikufariji: huenda ndiye anayewahi karoti. Naye mpe, kila siku, ile ya kawaida: robo ya tembe hiyo ya 100, yaani miligramu 25.

Kisa hiki kina historia inayonifurahisha. Mwaka 1907, katika mji unaoitwa leo Oslo, Wanorwe wawili, Axel Holst na Theodor Frølich, walikuwa wakichunguza ugonjwa uliokuwa ukiwapata mabaharia wa nchi yao. Wakachukua simbilisi wakawalisha nafaka na mkate, basi. Simbilisi wakapata kiseyeye, na waliopewa kabichi mbichi au maji ya limau wakaepukana nacho. Majaribio hayo ndiyo yaliyofungua njia ya kuijua vitamini C. Nafaka na mkate, Mama Tumaini! Bila kujua umerudia jaribio la Oslo sebuleni Donholm, ugali ukishika nafasi ya nafaka.

Chakula chenyewe basi. Cha simbilisi ni nyasi. Nikisema nyasi sina maana ya kitu cha kupamba kizimba au cha kulalia, nina maana mlo. Ukigawa anachokula kwa siku, sehemu kubwa kabisa, kama nane kati ya kumi, iwe nyasi, nyingi zilizokauka, ziwepo mbele yake asubuhi, mchana na usiku wa manane. Hakuna kipimo cha juu.

Sababu ziko mbili, moja mdomoni na nyingine tumboni. Simbilisi ana meno 20, na yote, yale ya mbele na magego, hayaachi kukua maisha yake yote. Kinachoyapunguza ni kusaga nyasi, ule mwendo wa taya wa pembeni ambao ukikaa karibu unausikia kama mtu anayepiga msasa mbali. Peleti na ugali havisagwi hivyo, vinavunjika tu na kumezwa. Magego yakirefuka, ya chini huinama ndani na kuufunga ulimi kama daraja. Mnyama anasogea kwenye chakula, anakinusa, anakitaka, hawezi kumeza. Ukimwona Mandazi anafanya hivyo, au kidevu kimelowa mate, mwambie daktari atazame meno pia. Ya tumboni ni kwamba nyasi huchachushwa na vijidudu kwenye mfuko mkubwa ulio mwanzoni mwa utumbo mpana, na nyuzinyuzi ndizo zinazousukuma utumbo wote uendelee kutembea. Wanga na sukari huko ndani hugeuka pombe ya harusi: gesi, uvimbe, kuhara. (Na ukimwona anainama kuchukua kinyesi chake na kukila, mwache, na mwambie Tumaini asimcheke. Ni kile laini, anakipitisha mara ya pili ili apate vitamini na protini zilizotengenezwa huko.)

Vitabu vya wazungu vinataja nyasi ziitwazo timothy. Hizo waachie huko, zikifika hapa bei yake ni ya kuchekesha. Sisi tuna boma rhodes, zile zile zinazolishwa ng'ombe wa maziwa, na zinafaa kabisa. Robota moja la kilo kama 15, kwa simbilisi wawili wanaokula na kuchezea, linakwenda hata miezi mitatu. Bei hupanda kiangazi kikikaza, kwa hiyo nunua mvua zikiwa zimetoka kupita. Kabla ya kulipa, chomoa konzi kutoka katikati ya robota, si juu, uinuse. Nzuri ina ukijani uliofifia na harufu inayokaribia majani ya chai. Ikiwa ya kijivu, inatoa vumbi linalokukohoza, au ina harufu ya godoro lililolowa, iache. Ukungu unaua, na vumbi litawatoa makamasi. Nyumbani itie kwenye gunia la katani, ining'inize au iinue juu ya matofali mawili kwenye balkoni mahali pasipopigwa na mvua. Usiifunge kwenye nailoni, hasa Julai, baridi na unyevunyevu wa Nairobi vitakuotesha uyoga. Gorofani robota zima likikushinda, tafuta jirani anayefuga sungura mgawane.

Nyasi mbichi nazo ni tamu kwao kupita maelezo. Nyasi za kikuyu, zile za bustani za kila mtaa, wanazila kama watoto na pipi. Nepia pia, ikiwa changa na umeikata vipande. Masharti ni haya: zisitoke kando ya barabara kunakopita moshi wa matatu, zisitoke mahali mbwa wanapokojoa, na umuulize mtunza bustani amenyunyizia nini. Nyasi zilizokatwa kwa mashine usizichukue, hupata moto na kuchacha ndani ya saa chache. Kuna kitu kingine ambacho watu hukitupa: maganda mabichi ya mahindi. Wauzaji wa mahindi ya kuchoma jioni wana rundo lake miguuni. Omba yale ya ndani, meupe ya kijani, na nywele zake, osha, wape machache. Hutalipa hata shilingi.

Baada ya nyasi ndipo mama mboga anaingia, naye ndiye dawa yako ya kiseyeye ya kila siku. Kama nikiruhusiwa kukuchagulia kitu kimoja pale kibandani, nitachagua hoho, ile pilipili kubwa isiyowasha. Gramu 100 za hoho ya kijani zina takriban miligramu 80 za vitamini C, nyekundu inapita 120, na kalsiamu yake ni kidogo. Robo ya hoho ya kijani ya kawaida kwa kila mmoja, kila siku, inamtosha mnyama mzima. Toa mbegu na kikonyo. Albert Szent-Györgyi, yule Mhungaria aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1937, alipohitaji vitamini C kwa wingi aliikamua kutoka pilipili nyekundu za mji wake wa Szeged, kwa hiyo hoho si uvumi wa mama mboga.

Sukuma wiki ni nzuri pia, ina vitamini C, lakini kalsiamu yake ni nyingi, na kwa simbilisi kalsiamu ya ziada hutoka kwenye mkojo na kuweza kujenga mawe kwenye kibofu. Jani moja, mara mbili au tatu kwa wiki, linatosha. Ila naomba lipokee likiwa zima. Ile sukuma ambayo mama mboga ameikatakata kama nywele asubuhi na kuiweka kwenye sinia hadi jioni imepoteza sehemu kubwa ya kile unachokitafuta, kwa sababu vitamini C inaharibika kila kisu kinapopita na kila saa inapopita. Mwambie akupe jani lililo kwenye fungu. Dhania wanaipenda na inafaa, vijiti vichache. Tango ni maji matupu, halidhuru. Nyanya tunda lake sawa kidogo, majani na kikonyo sumu. Spinachi na terere zina oksaleti nyingi, kemikali inayoshikana na kalsiamu na kujenga mawe hayo hayo, hizo ziwe za nadra. Karoti iwe kipande cha kidole mara mbili kwa wiki, maana ni sukari. Matunda vivyo hivyo: kipande cha chungwa, papai au embe, Jumapili kwa mfano, kisha basi. Mboga zote kwa pamoja zisizidi kikombe kimoja kwa kila mnyama kwa siku, na zioshe sana. Unajua baadhi ya mboga za mji huu zimenyweshwa maji gani.

Visivyoguswa kabisa: vitunguu vya aina zote na saumu, parachichi, viazi na hasa vilivyoota au vyenye ukijani, managu, maharagwe mabichi, maziwa, nyama. Ugali, chapati, mkate na wali navyo viondoke leo. Najua inauma kutupa ugali, lakini mpe kuku wa jirani.

Peleti je? Kwa simbilisi mzima si lazima, na hapo ndipo ninapokutua ule mzigo wa chakula cha ng'ambo. Peleti za simbilisi zenye vitamini C ni nzuri zikiwa mpya, lakini vitamini hiyo hupungua ghalani, na baada ya miezi mitatu hivi tangu kutengenezwa usiitegemee. Mfuko uliosafiri kwa meli na kukaa rafuni umeshamaliza muda huo mara ngapi? Zile za sungura ulizonazo unaweza kuzimalizia, kijiko kikubwa kimoja kwa kila mmoja kwa siku, ukisoma kwanza lebo ya gunia: kama zimetiwa dawa ya kuzuia ugonjwa wa koksidia au kiuavijasumu chochote, ziache. Usinunue michanganyiko yenye mbegu za alizeti na mahindi yaliyopakwa rangi. Inauzwa kwa macho ya mtoto.

Lusini, yale majani ya jamii ya kunde wanayolishwa ng'ombe, nitaitaja haraka kwa sababu agroveti atakuambia ni bora kuliko boma rhodes. Kwa ng'ombe, ndiyo. Kwa simbilisi ni ya wachanga chini ya miezi sita, wenye mimba na wanaonyonyesha. Kwa mzima ina kalsiamu mno. Na kwa kuwa umesema ni ndugu wa kike, hakikisha na daktari kwamba kweli wote ni wa kike. Nimeshaona "ndugu wa kike" wengi wakizaa.

Maji yabadilishwe kila siku, na yawe yale mnayokunywa ninyi. Visima vingi vya Nairobi vina floridi nyingi, kwa hiyo kama mtaa wenu unapata maji ya kisima, wape yaliyoondolewa floridi, kama mnavyojipa ninyi.

Msibadilishe kila kitu kwa usiku mmoja, isipokuwa ugali na mkate. Leo wawekeeni nyasi kavu tele. Hoho ianze na kipande cha ukubwa wa kidole gumba, na vitamini ya tembe iendelee hadi waizoee mboga. Kila mboga mpya ipewe siku mbili tatu kabla ya nyingine, mkiangalia kinyesi: kiwe punje kavu zenye umbo la haragwe dogo. Kikilainika, rudi nyuma kwenye nyasi tupu siku moja. Nyasi mbichi ndizo za kuzoesha polepole zaidi, konzi ndogo kwanza, la sivyo tumbo litajaa gesi. Wanaweza kukataa hoho mara ya kwanza na ya pili. Simbilisi hujifunza chakula wakiwa wadogo na ni wabishi kama babu. Itieni kwenye nyasi, muitoe jioni ikinyauka, na kesho muirudishe.

Mandazi akianza vitamini leo, na kama kweli ni kiseyeye, mara nyingi ndani ya wiki moja utaona ametembea vizuri zaidi. Usipoona, basi mguu wenyewe upigwe picha.

Kuna kazi moja ya Tumaini, na wa darasa la nne anaiweza. Mchukue ile mizani ya jikoni ya kupimia unga, muweke bakuli juu yake, muirudishe kwenye sufuri, kisha mmtie simbilisi ndani na jani la dhania ili atulie. Aandike gramu kwenye daftari, safu moja ya Njugu, moja ya Mandazi, mara moja kwa wiki, siku ile ile. Kwa Mandazi, kila siku mpaka apone. Mzima huwa kati ya gramu 700 na 1,200, lakini muhimu ni namba yake mwenyewe: akipungua gramu 50 na zaidi ndani ya wiki, njooni, hata kama anaonekana anakula. Manyoya huficha kukonda, mizani haifichi. Kipimo cha kwanza kichukuliwe jioni hii, kabla hamjawapa hoho.